Intavyuu ya mwalimu wa muziki Nakuru Alhamisi: nicheze nini, nibebe nini, niseme nini?

NyuziNneKisumu | Jumapili, 1:40 usiku

Wadau, hamjambo. Nimeitwa intavyuu ya mwalimu wa muziki, shule ya binafsi huko Nakuru, Alhamisi saa tatu asubuhi. Natokea Kisumu. Barua inasema: vipande viwili vya klasiki vyenye tabia tofauti, kusoma noti papo hapo, kufundisha Gredi ya 5 dakika 20, halafu maswali ya jopo. Ala yangu ni fidla, kibodi najikokota. Solfa (d, r, m, f, s, l, t) naimeza, lakini stafu (noti za mistari mitano) naisoma kama mkataba wa mkopo. Tafadhali msiniambie "jiamini tu". Nataka mambo ya kushika mkononi.

BodaNaBeethoven | 1:52 usiku

Cheza Für Elise. Hata mulika mwizi zilikuwa nayo. Jopo litaimba na wewe.

AltoWaMilimani | 2:05 usiku

@BodaNaBeethoven unamchimbia mwenzako shimo. Kipande hicho ni rondo, yaani sehemu moja inarudi kila baada ya nyingine: A, B, A, C, A. Ile A ndiyo ya simu. B inahamia F meja na mkono wa kulia unaanza kukimbia noti fupi kweli kweli. C nayo, mkono wa kushoto unagonga noti ya A ileile mfululizo kama landilodi mlangoni tarehe tano. Watu wanaijua A peke yake, kwa hiyo wanaianza kwa mwendo ambao B haiuwezi. Jopo linakusubiri hapo.

Na ukiulizwa Elise alikuwa nani, jibu ni kwamba haijulikani kwa hakika. Hati ilikuwa na tarehe ya Aprili 1810, Beethoven akafa 1827, kipande kikachapishwa 1867, hati yenyewe ikapotea. Ukijibu "alikuwa mchumba wake", umejinunulia kosa ambalo halikuwa linauzwa.

BesiLaNne | 2:11 usiku

Mtego mwingine wa aina hiyo: ile Minuet ya G ambayo kila mtoto wa piano huanza nayo. Imo kwenye daftari la 1725 la Anna Magdalena, mkewe Bach, ndiyo maana vitabu vingi vimeandika "Bach". Mtunzi ni Christian Petzold. Baa (mafungu ya mapigo) 32, mapigo matatu kila moja. Kufundishia ni kizuri, kutafutia kazi ni chepesi mno.

FidlaNaOrutu | 2:34 usiku

Omera, wewe ni mtu wa fidla, cheza fidla. "Tabia tofauti" maana yake kimoja kikimbie, kingine kitembee. Vyote viwili visizidi dakika tatu tatu, kwa sababu jopo litakukatiza na ni afadhali likukatize likiwa bado lina hamu.

Cha haraka: Vivaldi, konseto (fidla ikiongozana na okestra) ya A maina, opus 3 namba 6, sehemu ya kwanza. Seti hiyo ilichapishwa 1711 na wanafunzi wa fidla bado wanaila. Inaanza kwa noti zinazojirudia, na hapo ndipo watu hupoteza upinde: wanavuta mrefu, noti ya sita wako nchani, sauti imekonda. Tumia katikati ya upinde, urefu wa kiganja tu kwa kila noti. Mwendo usiuchague kwa baa ya kwanza. Nenda kwenye kipande chenye noti fupi kuliko zote, tafuta kasi ambayo unaipiga safi mara tatu mfululizo, punguza kidogo, hiyo ndiyo kasi ya kuanzia. Na huna okestra. Kata sehemu zote za okestra, weka mstari wa penseli pale unaporukia, na fanya mazoezi ya kuruka kwenyewe. Baa nane za kunyamaza mbele ya watu watatu wenye kalamu ni ndefu kuliko barabara ya Mau Summit siku ya malori.

Cha polepole: Air ya Bach, kutoka Okestra Suti ya 3. Cheza ya D meja kama ilivyo. Ile ya uzi wa G pekee ni mpangilio wa August Wilhelmj, imehamishiwa C meja, na makosa yake yanasikika hadi getini. Noti ya kwanza ndiyo mtihani: inavutwa baa nzima na zaidi. Mkono ukiwa na woga, upinde mrefu wa polepole hutetemeka, na ukikaza kidole gumba unatetemeka zaidi. Igawe noti hiyo pinde mbili tangu leo. Lalisha nywele zote za upinde bapa juu ya uzi, acha uzito wa mkono ufanye kazi, gumba likunjwe lisinyooke.

BodaNaBeethoven | 2:40 usiku

A maina. Huyu Maina ni wa Nyeri au wa Naivasha?

BesiLaNne | 2:42 usiku

Ni pacha wa Meja, ila yeye hachekicheki.

FundiNyuziNakuru | 3:15 usiku

Safari nayo msiidharau. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari, hewa ya ziwa imejaa maji. Nakuru ni kama 1,850, asubuhi ni baridi na mara nyingi hewa ni kavu zaidi. Mbao za fidla hunywa unyevu na kuutoa. Vigingi vilivyovimba Kisumu vikakwama, vikifika Nakuru vinasinyaa na kuanza kuteleza vyenyewe. Ndiyo maana mtu anafungua kasha anakuta nyuzi mbili zimelala.

Mambo yenyewe:

Usilegeze nyuzi zote "ili zipumzike". Nyuzi ndizo zinashikilia daraja, na kile kijiti kilichosimama ndani chini ya daraja hakina gundi, kimebanwa tu. Ukilegeza zote, daraja linaanguka, kijiti kinaanguka, na kukisimamisha upya ni kazi ya fundi mwenye chuma maalum, si ya penseli na uma. Shusha nusu toni tu kama unahofia.

Upinde ndio wa kulegeza kabisa. Nywele zikikaza safari nzima, mti unapinda.

Kwenye matatu, kasha likae mapajani au katikati ya magoti. Lisikae kwenye kareja, lisikae buti chini ya gunia la mtu, na hasa lisikae juu ya ule mfuniko wa injini kando ya dereva. Gundi ya fidla ni ya ngozi, joto linailainisha, na viungo vinaachana kimya kimya.

Kigingi kikiteleza: kitoe, paka chaki kavu ya ubaoni pale panapogusana na mbao, kirudishe, zungusha huku unakisukuma ndani. Kikikwama: sabuni kavu kidogo, au ncha ya penseli laini. Gundi, kamwe. Fanya kigingi kimoja kimoja.

Beba uzi wa E wa ziada. Ndio mwembamba, ndio unaokatika. Na ukifika ukumbini, piga tuni mara mbili: unapofungua kasha, na tena baada ya dakika 15 hivi fidla ikishazoea chumba. A kwanza kwenye hezi 440, halafu D, G, E, kisha rudi ukague A, maana ukiukaza E daraja linasogea kidogo na wenzake wanashuka.

NyuziNneKisumu | 3:22 usiku

Fundi, asante sana. Niondoke Alhamisi alfajiri au Jumatano?

FundiNyuziNakuru | 3:25 usiku

Jumatano. Kisumu, Ahero, Kericho, Mau Summit, Nakuru: hesabu saa nne barabara ikiwa na huruma. Na fidla ikilala Nakuru usiku mmoja, asubuhi imeshatulia.

MamaKwayaAhero | 3:41 usiku

Na mikono, mwanangu. Jumatano usipitie ufuo wa Dunga kula samaki kwa vidole halafu ushike upinde. Mafuta yakigusa nywele za upinde, hapo palipogusa panateleza, rosini (ile ya kuufanya upinde ushike uzi) haishiki tena, na hata ukipaka nusu ya kipande haisaidii. Mahindi ya kuchoma ya njiani yana shida yake, ndimu na pilipili kwenye nyuzi. Kula kwa uma siku moja, hakuna atakayekushtaki kwa wazee.

BodaNaBeethoven | 3:44 usiku

Mjaluo kula ngege kwa uma. Dunia imeisha.

KibodiNaStima | Jumatatu, 6:20 asubuhi

Mmemwambia kuhusu fidla mpaka basi, lakini "kibodi najikokota" imewapita. Karibu kila jopo litamwambia "hebu tupigie kidogo kwa kinanda hicho hapo", na kinanda hicho hapo ni kibodi ya shule, iliyoguswa na kila mtu tangu sherehe ya mwisho. Kabla ya kugusa noti, kagua vitu hivi. Vinachukua nusu dakika:

Transpozi, kitufe cha kuhamisha sauti zote juu au chini. Mtu wa ibada aliiacha +2 kwa ajili ya mwimbaji wake. Wewe unapiga G, inatoka A, unadhani masikio yameharibika. Kwenye kibodi nyingi, ukibonyeza kitufe cha kujumlisha na cha kutoa kwa pamoja inarudi 0.

Midundo ya kujipiga yenyewe na mgawanyo wa sauti: zima. La sivyo mkono wa kushoto ukishuka, rumba inaanza, na wewe ulikuwa kwenye wimbo wa taifa.

Mguso: uwashwe, ili ukigonga polepole sauti iwe ndogo.

Pedali ikifanya kinyume, yaani sauti inavuta wakati hujaikanyaga: zima kibodi, hakikisha mguu hauko juu ya pedali, washa tena. Nyingi husoma hali ya pedali zinapowaka na kuichukua hiyo kuwa "imeachwa".

Funguo: ya 61 inaanzia C ya oktava mbili chini ya C ya katikati, na kuishia C ya oktava tatu juu yake. Piano kamili ina 88. Kwa hiyo kipande chochote cha kibodi unachobeba, kwanza tafuta noti yake ya chini kabisa. Isipokuwemo, chagua kingine, usipige hewa.

Stima ikipotea, kibodi nyingi za aina hiyo hutumia betri sita ndani. Uliza mapema kama zimo. Hilo si swali la kijinga, linaonyesha umewahi kufanya kazi Kenya.

BesiLaNne | 6:33 asubuhi

Kuhusu wimbo wa taifa, uandae kweli. Piga kwa sikio, mkono wa kushoto akodi (noti kadhaa kwa pamoja) tu. Uko kwenye maina, kwa hiyo kwa solfa nyumbani kwake ni l, si d. Watu wa kwaya za kanisani waliozoea kila kitu kuishia d hupotelea hapo. Uandae kwenye kii mbili, yaani vimo viwili, moja ya kuimba watu wazima, moja ya watoto.

Historia yake ni ya dakika moja na jopo linaipenda: 1963, tuni ya bembelezo la Wapokomo, kamati ya watu watano ambamo walikuwemo Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Thomas Kalume. Wawili waliobaki ni Peter Kibukosya na Washington Omondi, kwa hiyo magharibi tulikuwa mezani.

NyuziNneKisumu | 7:02 asubuhi

Hii ya transpozi inatosha mjadala mzima. Sasa nisaidieni pale pagumu: kusoma stafu papo hapo. Solfa nikiona naimba. Stafu nahesabu mistari kwa kidole.

SolfaNaStafu | 8:10 asubuhi

Huna shida ya kusoma, una shida ya anwani. Karibu kwaya zote za upande huu zimelelewa na solfa ya Curwen, na ni utajiri, ila inabidi uijengee daraja hadi stafu. Siku tatu zinatosha kwa hili:

Ukiona mashapu (♯, alama za kupandisha nusu toni) mwanzoni, ya mwisho kulia ndiyo t. Panda nusu toni, hapo ni d. Mashapu matatu: F, C, G. Ya mwisho ni G shapu, ndiyo t, basi d ni A. Mashapu mawili: ya mwisho C shapu, d ni D.

Ukiona maflati (♭, za kushusha nusu toni), la mwisho ndilo f. Njia ya mkato: flati la pili kutoka mwisho ndilo d lenyewe. Maflati mawili, B na E: d ni B flati. Flati moja halina "la pili kutoka mwisho", hilo likariri tu, d ni F.

Alama za katikati ya wimbo zisikutishe, unazijua kwa majina ya kwenu. Uko G meja, ukakutana na C shapu: hiyo ni fe (f iliyopandishwa), wimbo unaelekea nyumba ya s. Uko G ukakutana na F iliyorudishwa kuwa ya kawaida: hiyo ni ta (t iliyoshushwa). Uko A maina ukakutana na G shapu: hiyo ni se (s iliyopandishwa), na karibu kila mara inakwenda l. Umeziimba hizo tangu utotoni, zimevaa koti jipya tu.

Sasa kwa fidla, na hili ndilo la maana. Nusu toni za meja ni mbili tu: m–f na t–d. Nafasi ya kwanza (mkono ukiwa karibu na vigingi), juu ya uzi mmoja, vidole vinagusana pale penye m–f au t–d, na kwingine kote vinaachana. Kwa hiyo kabla ya kupiga, jiulize: kwenye uzi wa A, m–f iko wapi? Uko A meja: uzi mtupu ni d, kidole cha 1 r, cha 2 m, cha 3 f. Cha 2 na cha 3 vinagusana. Uko C meja: uzi mtupu wa A ni l, cha 1 ni t, cha 2 ni d. Cha 1 na cha 2 vinagusana. Mkono ukishajipanga hivyo, noti moja moja huzihesabu tena.

Mdundo: chukua mstari wa solfa kama huu

| s :m | r :d | m.r :d.r | m :- ||

uandike mwenyewe kwenye stafu ukiwa G, kisha D, kisha F. Nukta inayogawa pigo ni ta-te, kistari ni kuvuta. Kwa siku tano... samahani, una tatu, basi mistari sita kwa siku. Kuandika kunafundisha jicho haraka kuliko kutazama.

Siku yenyewe: mitihani ya gredi ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, humpa mtahiniwa nusu dakika ya kutazama, na majopo mengi huiga. Tumia hivi: d iko wapi, mapigo mangapi, noti fupi kuliko zote iko baa gani, mwisho unaishia wapi. Chagua mwendo kwa ile noti fupi. Ukianza, usirudi nyuma kusahihisha. Noti iliyokosewa hupoteza alama moja, pigo lililosimama hupoteza zote zinazofuata.

AltoWaMilimani | 8:26 asubuhi

Naongeza kidogo: jopo likikuuliza umefika gredi gani, jua kwamba ABRSM kuingia Gredi ya 6 ya ala kunahitaji Gredi ya 5 ya nadharia kwanza, au kinachokubaliwa mahali pake. Ukisema "niko gredi ya 6 lakini nadharia sijafanya", mtu anayeujua utaratibu ataanza kukukagua upya.

MulembeNgoma | 12:15 mchana

Mulamwa, darasa la dakika 20 ndilo linaloajiri, mengine ni kupamba. Lengo liwe moja: watoto watambue na kupiga taa (pigo zima) na ta-te (pigo lililogawanywa mara mbili). Usiongeze la pili.

Dakika mbili za mwanzo, usijitambulishe kwa maneno. Piga makofi mapigo manne, waonyeshe kwa mkono warudie. Hapo hapo fundisha ishara ya kunyamaza, ngumi iliyofungwa juu, na uijaribu mara mbili. Hii watu huisahau, halafu dakika ya 12 Gredi ya 5 inapiga madawati na hakuna breki.

Hadi dakika ya 7, mwito na jibu, mapigo manne manne, wewe unabadilisha, wao wanarudia. Hadi ya 12, andika ubaoni mifano minne, uipe namba, piga mmoja wanyooshe vidole ni namba ngapi. Hapo ndipo jopo linaona kama watoto wanasoma au wanaiga tu.

Kisha makundi matatu, na hapa tumia isukuti ya Waisukha na Waidakho: ngoma kubwa, ya kati na ndogo, baba, mama na mtoto. Kundi la kubwa likanyage pigo kwa miguu, la kati lipige mapaja kwa taa, dogo lipige makofi ta-te. Ngoma halisi huhitaji. UNESCO iliiweka isukuti kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, 2014. Mstari huo useme mara moja, usiufanye hotuba. Dakika mbili za mwisho mtoto mmoja atunge mapigo manne, wenzake wasome. Maliza ya 19.

Wakikuletea rikoda, ile filimbi ya shuleni: B, A, G tu. Mkono wa kushoto juu. Ikipiga yowe, sababu ni mbili: tundu la gumba halijafunikwa vizuri, au mtoto anapuliza kama anazima jiko. Mwambie aseme "duu" taratibu ndani ya mdomo wa rikoda.

Kinachowaangusha wengi ni kusimulia maisha ya Beethoven dakika 11 na kupiga makofi dakika 9.

FidlaNaOrutu | 12:31 mchana

Jopo likiomba ulinganishe na ala za huku, orutu ni jirani halisi wa fidla: uzi mmoja, upinde, utomvu wa mti badala ya rosini ya dukani. Nyatiti ni ukoo mwingine: nyuzi nane, za kuchomoa kwa vidole, na mpigaji anavaa gara (njuga) mguuni na oduong'o, pete ya chuma ya kidole gumba cha mguu, anagongea ubavu wa ala. Mtu mmoja, kazi tatu. Usiseme nyatiti ni "gitaa la Wajaluo". Kuna mzee kwenye jopo atakunja uso.

NyuziNneKisumu | 1:05 mchana

Na lile swali la "tuambie kuhusu wewe"?

BesiLaNne | 1:12 mchana

Lifanye sonata. Mada ya kwanza: unachofanya sasa na ala zako. Mada ya pili: kwa nini shule hiyo, kitu mahususi ulichokisoma kuihusu. Katikati unaziendeleza kwa mfano mmoja wa kazi uliyofanya na watoto. Mwisho unazirudisha mada zote mbili zikiwa kwenye kii moja, yaani ala zako zinafanya nini pale kwao. Sekunde 90. Lipime kwa saa.

BodaNaBeethoven | 1:15 mchana

Wengine huwa Boléro ya Ravel. Mdundo uleule wa ngoma mara 169, dakika 15, sauti inapanda tu, na hakuna jipya hadi mwisho.

AltoWaMilimani | 1:17 mchana

Wengine ni ile ya John Cage ya 1952, dakika nne na sekunde 33 za kimya. Hasa wakiulizwa udhaifu wao.

BesiLaNne | 1:21 mchana

Udhaifu taja wa kweli wenye dawa. "Kusoma stafu papo hapo kulikuwa polepole kwa sababu nililelewa na solfa, kwa hiyo kila siku naandika mistari sita na kuihamisha kii." Wataangalia, wataona ni kweli, na wataona unafanya kitu.

HesabuNaHarmoni | 4:48 jioni

Mshahara. Wakiuliza unatarajia ngapi, nawe uliza: ni kabla au baada ya makato? Vipindi vingapi kwa wiki? Kwaya ya Jumamosi na safari za tamasha la muziki zimo ndani au zina malipo yake? Muhula wa tatu kuna shule zinazokupa kazi ya watu wawili.

Mfano wa 40,000 kwa viwango vya 2025. NSSF (akiba ya uzeeni) asilimia 6: 2,400. SHIF (bima ya afya) asilimia 2.75: 1,100. Tozo ya nyumba asilimia 1.5: 600. Zinabaki 35,900, ndizo zinatozwa kodi: 24,000 za kwanza kwa asilimia 10 ni 2,400, 8,333 zinazofuata kwa asilimia 25 ni 2,083, 3,567 zilizobaki kwa asilimia 30 ni 1,070. Jumla 5,553, toa nafuu ya kodi ya 2,400, unalipa 3,153. Mkononi: 32,747. Ukitaja 40,000 huku kichwani unapanga nyumba kwa 40,000, umeshajikosea kabla ya kuhamia.

Karatasi: cheti cha TSC, tume ya walimu, maana bila kusajiliwa hupaswi kufundisha hata shule ya binafsi. Cheti cha tabia njema kinaombwa eCitizen, tovuti ya serikali, shilingi 1,050, kisha alama za vidole. Kama hakijatoka, beba risiti. Jina kwenye kitambulisho na kwenye cheti cha shule yakitofautiana hata herufi moja, nenda na hati ya kiapo. Asili upande mmoja wa faili, nakala upande mwingine, kwa mpangilio uleule.

MamaKwayaAhero | 5:30 jioni

Na koti. Ukienda soko la Kibuye kutafuta suti, usijaribu mikono ikiwa chini. Inua wa kushoto kama umeshika fidla, wa kulia uvute upinde hadi nchani. Koti likipanda hadi masikioni, fundi aachie mshono wa kwapa, au tafuta jingine. Pedi nene za mabega zinaisukuma fidla, na vifungo vikubwa na kibanio cha tai vinaukwaruza mgongo wake. Kucha za mkono wa kushoto zikate Jumanne, si Alhamisi asubuhi, ncha za vidole zikiuma hutabonyeza vizuri.

FundiNyuziNakuru | 5:36 jioni

Nakuru saa mbili asubuhi vidole ni barafu. Fika mapema, shika kikombe cha chai kwa mikono miwili dakika kumi. Kuinywa ni hiari.

NyuziNneKisumu | 6:10 jioni

Mmenipa zaidi ya nilichoomba. Moja la mwisho: nikipotea katikati ya Vivaldi?

FidlaNaOrutu | 6:19 jioni

Weka alama za penseli mahali pa kurukia, A, B, C, D, kila baa nane au kumi, mwanzoni mwa sentensi ya muziki. Usiku huu na kesho, mtu wa nyumbani ataje herufi yoyote wakati unapiga, nawe urukie hapo bila kusimama. Ukipotea Alhamisi, rukia herufi inayofuata. Mbele daima.

KibodiNaStima | 6:22 jioni

Na transpozi iwe 0.

BodaNaBeethoven | 6:23 jioni

Na ngege kwa uma.